Arikpo, Mbu au Baccus Matthews: umwandike nani?

Kila msimu wa kupeleka mada za tasnifu ukikaribia, napata ujumbe unaofanana: "Shikamoo kaka. Nataka kuandika diplomasia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Afrika Magharibi. Nianze na nani?" Mwenye swali mara nyingi ameshajiandalia Gowon aliyeitawala Nigeria, Ojukwu aliyeiongoza Biafra, au Charles Taylor, kiongozi wa waasi wa Liberia. Humwambia awaweke pembeni kwanza. Majenerali wameandikwa mpaka kalamu zimechoka. Aliyesahaulika ni mwenye mkoba: waziri wa mambo ya nje, anayetumwa kueleza risasi ambazo hakuzipiga yeye, mbele ya watu ambao asubuhi hiyohiyo wameshasoma gazeti.

Kwa hao nina majina matatu. Okoi Arikpo alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Nigeria wakati wa vita vya Biafra, upande wa mashariki uliotaka kujitenga na nchi hiyo. Matthew Mbu alishika kazi hiyohiyo upande wa Biafra. Gabriel Baccus Matthews alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Liberia katika miaka ya mwanzo ya vita vilivyoanza Desemba 1989. (Ndiyo, Mbu. Ukilitafuta jina hilo peke yake kwenye intaneti kwa Kiswahili utaletewa malaria na vyandarua, kwa hiyo andika majina yote mawili. Na usimchanganye Matthew huyu na Matthews wa Monrovia; nimeshasoma rasimu moja iliyowaunganisha wakawa mtu mmoja.)

Nimewaweka pamoja kwa sababu waziri wa aina hii anahitaji vitu viwili: nchi nyuma yake na kiti mbele yake. Nchi ni ardhi ambayo serikali yake inaitawala kweli. Kiti ni pale penye kibao cha jina la nchi, New York au Addis Ababa. Arikpo alikuwa na vyote viwili, ingawa nchi ilikuwa imemeguka. Mbu alikuwa na nchi inayopungua kila mwezi, na kiti hakuwa nacho. Matthews alikuwa na kiti, lakini nchi yake iliishia nje kidogo ya Monrovia.

Nitawapima kwa mambo matano: walikotoka, karata walizoshika, nani hasa alikuwa kwenye usukani, ilikuwaje baada ya vita, na jambo ambalo wanafunzi hulikumbuka mwezi wa mwisho, yaani karatasi zao zinapatikana wapi.

Walikotoka

Kwa Wanigeria hawa wawili, hapa ndipo mada inaponoga. Arikpo alizaliwa mwaka 1916 Ugep. Mbu, aliyezaliwa 1929, alikuwa mtu wa Boki. Sehemu zote mbili zilikuwa ndani ya mkoa wa zamani wa Ogoja, Nigeria ya Mashariki, na leo zote ziko Jimbo la Cross River. Hakuna kati yao aliyekuwa Mwigbo. Mkuu wa diplomasia wa Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, na mkuu wa diplomasia wa Biafra walitoka pembe moja ya nchi, kwenye makabila madogo yaliyokuwa yakiishi katika kivuli cha Waigbo walio wengi upande ule.

Sidhani kama ilikuwa sadfa tupu. Biafra ilijitangaza tarehe 30 Mei 1967. Siku tatu kabla, Gowon alikuwa ameikata Nigeria katika majimbo 12, na Mashariki peke yake ikatoka vipande vitatu, viwili vikiwa vya makabila madogo. Tangu hapo hoja ya Lagos huko nje ilikuwa kwamba Biafra ni ya Waigbo na wengine wameburuzwa tu. Ukimsimamisha mtu wa Ugep mbele ya wageni, hoja imeshasemwa kabla hajafungua mdomo. Wa Biafra nao wakamsimamisha mtu wa Boki: huyu je, mbona yuko nasi? Upande wa Ogoja uliangukia mikononi mwa jeshi la serikali Julai 1967, mwezi uleule vita vilipoanza. Kwa hiyo muda mwingi wa vita Mbu aliitetea nchi ambayo upande wa kwao ulikuwa umeshatoka ndani yake.

Arikpo alikuwa msomi kwanza. Alisomea anthropolojia London, akawa pia mwanasheria, akaingia serikali kuu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoka humo kwa ugomvi mkubwa wa chama cha NCNC mwaka 1953, yeye na kina Eyo Ita wakiwa upande mmoja na Azikiwe, kiongozi wa chama, upande wa pili. Chuki yake na siasa za Enugu, makao makuu ya Mashariki, ilikuwa na umri wa miaka 14 vita vilipoanza. Mbu alipanda haraka mno: waziri wa kazi akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kisha mwakilishi wa Nigeria London katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, kisha waziri wa masuala ya jeshi la majini hadi mapinduzi ya Januari 1966. Fikiria mtu aliyeizoeza London kusikia jina la Nigeria, halafu kabla miaka kumi haijapita anataka London hiyohiyo ikubali kwamba Nigeria imekatika.

Matthews ni mtu wa barabarani. Mwaka 1975 alianzisha chama cha PAL, kundi la upinzani lililotikisa utawala wa miaka zaidi ya 100 wa wazao wa walowezi kutoka Marekani. Tarehe 14 Aprili 1979 waliitisha maandamano ya kupinga kupandishwa bei ya mchele. Polisi walifyatua risasi, watu kadhaa wakafa, Monrovia ikaporwa. Mwaka uliofuata alikuwa kizuizini pale Sajenti Samuel Doe alipopindua serikali, akatoka jela na kuingia wizarani kama waziri wa mambo ya nje. Doe alimwondoa 1981. Kazi hiyohiyo ilimrudia mwaka 1990, nchi ikiwa inaungua.

Karata mkononi

Karata ya Arikpo ilikuwa moja na aliicheza bila kuchoka: hili ni jambo letu la ndani. Wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipokutana Kinshasa Septemba 1967 waliikubali. Waliunda kamati ya wakuu sita chini ya Haile Selassie, lakini kazi ya kamati ilikuwa kuisaidia Nigeria ibaki moja, wala si kuwaamua ndugu wawili waliogombana. Mwaka mmoja baadaye Algiers, kura za kuunga mkono umoja wa Nigeria zikawa 33 kwa 4. Katika Umoja wa Mataifa suala la Biafra halikuwahi kuwekwa kwenye ajenda. Huo ni ushindi wa kidiplomasia hata kama hauna picha: watoto wenye utapiamlo wako kwenye kila televisheni ya Ulaya, na bado jambo lenyewe haliingii ukumbini. Juu ya hayo Lagos ilipata silaha Uingereza na Urusi kwa wakati mmoja, katikati ya Vita Baridi.

Mbu hakuwa na ukumbi wa kuingilia. Karata zake zilikuwa njaa, mauaji ya Waigbo ya 1966 huko Kaskazini, na wajumbe mahiri waliotawanyika duniani, mwandishi Chinua Achebe akiwa mmoja wao. Kulikuwa na kampuni ya uenezi kule Geneva, Markpress, iliyosambaza taarifa za Biafra kwa magazeti. Matunda yalikuja kati ya Aprili na Mei 1968: Tanzania tarehe 13 Aprili, kisha Gabon, Ivory Coast na Zambia. Haiti iliongezeka 1969. Ufaransa ilisema maneno matamu Julai 1968 kuhusu haki ya watu kujiamulia, lakini kutambua haikutambua.

Msomaji wa Tanzania hapa hana budi kusimama kidogo, kwa sababu sisi tulikuwa wa kwanza. Nyerere, aliyetoka kuunganisha Tanganyika na Zanzibar miaka minne tu kabla, alisema umoja hauwezi kudumu ila kwa ridhaa ya wanaounganishwa, na kwamba dola iliyoshindwa kuwalinda watu wake isiwadai utii. Lagos ikavunja uhusiano na Dar es Salaam. Swali la tasnifu linalonivutia ni hili: tarehe 13 Aprili ilikuwa kazi ya diplomasia ya Biafra, au Mwalimu angefika hapo mwenyewe? Mimi naelekea upande wa pili, lakini ukiniletea ushahidi nitabadilika.

Matthews alikuwa na karata ngeni kabisa, maana Baraza la Usalama lilikuwa tayari kumsikiliza. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha. Serikali ya mpito ya Amos Sawyer iliundwa mkutanoni Banjul, Agosti 1990, ikaapishwa Novemba Monrovia chini ya ulinzi wa ECOMOG, jeshi la ECOWAS (jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi) lililobebwa zaidi na Nigeria. Nje ya mji, sehemu kubwa ya nchi ilikuwa ya Charles Taylor, aliyetawala kutoka Gbarnga akiwa na mawaziri wake na redio yake. Hata noti za huko zilikuwa nyingine. Oktoba 1992 Taylor alishambulia Monrovia. Tarehe 19 Novemba Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 788 la vikwazo vya silaha kwa Liberia nzima, isipokuwa kwa majeshi ya ECOWAS. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Kwa serikali isiyo na jeshi la maana, msamaha huo kwa mlinzi wake ulikuwa na thamani kuliko kifaru.

Nani alishika usukani?

Usidanganyike na cheo. Kinshasa 1967, ujumbe wa Nigeria uliongozwa na Obafemi Awolowo. Mazungumzo ya amani ya Kampala yalipofunguliwa Mei 1968, siku chache baada ya Port Harcourt kuanguka, aliyeongoza upande wa Lagos alikuwa Anthony Enahoro, kamishna wa habari, na ndiye aliyekwenda Addis Ababa Agosti. Arikpo alibaki na kazi isiyoandikwa magazetini: mabalozi, hotuba za kila mwaka New York, barua. Wanaomdharau kwa hilo wanakosea. Kuongoza mazungumzo yaliyovunjika si sifa kubwa kuliko kulinda kura 33.

Upande wa Biafra hali ni ileile, pengine zaidi. Kampala aliongoza Jaji Louis Mbanefo. Addis alikwenda Ojukwu mwenyewe na kuhutubia kwa muda mrefu, kisha akamwachia Profesa Eni Njoku. Ojukwu alipenda kuwa waziri wa kila kitu. Ukimwandika Mbu utalazimika kupambanua alichoamua na alichotumwa.

Matthews alikuwa chini ya rais mpole, Sawyer, hilo lilimpa nafasi, lakini juu yao wote walikaa wakuu wa ECOWAS. Ramani ya amani ilichorwa Yamoussoukro mwaka 1991 na Cotonou mwaka 1993. Waziri wa nchi inayolindwa na jeshi la jirani anajadiliana na rafiki zake kuliko anavyojadiliana na adui.

Vita vilipokwisha

Arikpo alibaki. Vita vilikwisha Januari 1970, naye aliendelea na wizara hadi Gowon alipopinduliwa tarehe 29 Julai 1975, bosi wake akiwa Kampala kwenye mkutano wa OAU. Miaka hiyo mitano ya mwisho ndiyo iliyozaa ECOWAS, mkataba uliotiwa saini Lagos tarehe 28 Mei 1975. Siku chache baadaye Gowon na Ahidjo wa Cameroon walitia saini tamko la Maroua kuhusu mpaka wa baharini. Mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoipa Cameroon rasi ya Bakassi, karatasi hiyo ilikuwemo kwenye hoja. Bakassi imepakana na Cross River, jimbo la kwao Arikpo. Alifariki 1995.

Kwa Mbu ndipo watu hushangaa. Gowon alisema hakuna mshindi wala mshindwa. Walalahoi wengi wa Mashariki wangemuuliza mbona akiba zao za benki zilirudishwa kwa pauni 20 tu, hata uwe uliweka elfu. Wakubwa walipata nafuu zaidi. Mwaka 1993, katika serikali ya mpito ya Ernest Shonekan, Matthew Mbu aliteuliwa waziri wa mambo ya nje wa Nigeria. Mtu yuleyule, wizara ileile aliyopambana nayo. Alifariki 2012.

Matthews aliondoka wizarani 1993. Uchaguzi wa Julai 1997 aligombea urais akapata asilimia chache mno. Taylor alichukua asilimia 75. Matthews alifariki Septemba 2007. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Liberia ilianza kusikiliza watu hadharani mwaka uliofuata, kwa hiyo sauti yake haimo katika vikao vile, na hilo ni pengo kubwa kwa mtafiti.

Karatasi

Arikpo ndiye rahisi. Hotuba za Nigeria katika Baraza Kuu zinasomeka bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa. Nyaraka za Uingereza za miaka ile ziko wazi Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka, na za Marekani nyingi zimechapishwa. Tena aliandika mwenyewe: kitabu chake kuhusu maendeleo ya kisiasa ya Nigeria kilitoka 1967, mwaka nchi ilipopasuka.

Mbu ni mgumu. Serikali iliyokufa haiachi makabati. Utaokoteza taarifa za Markpress, kumbukumbu za wenzake, na magazeti ya nchi zilizoitambua Biafra. Ukiwa Dar una bahati: kitengo cha East Africana, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina magazeti ya zamani, na *The Nationalist* na *Uhuru* ya 1968 si ya kukosa. Mhariri wa *The Nationalist* wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, ambaye baadaye naye alikuwa waziri wa mambo ya nje.

Kwa Matthews kuna rekodi za Baraza la Usalama neno kwa neno, na ripoti ya Tume ya 2009. Kilichobaki kiko vichwani mwa watu, nao wanaondoka. Sawyer alifariki 2022.

Basi uchague vipi?

Kama muda ni mfupi na msimamizi wako anadai vyanzo vya msingi, mchukue Arikpo. Atamfaa pia anayetaka kuelewa kwa nini OAU ilishikilia mipaka ya mkoloni, au anayependa kazi ya ofisini kuliko ya majukwaani. Ubaya wake ni kwamba hana tamthilia. Ukimwandika kivivu utapata orodha ya mikutano.

Mbu anamfaa mwenye subira na mwenye jicho la mpelelezi, hasa Mtanzania au Mzambia, maana nusu ya hadithi iko nyumbani. Anamfaa pia msomaji wa Lubumbashi. Katanga ya 1960 hadi 1963 nayo ilikuwa na waziri wake wa mambo ya nje, Évariste Kimba. Kimba, kama Mbu, alirudi kwenye nchi aliyokuwa amejitenga nayo akapewa cheo, hata kikubwa zaidi: aliteuliwa waziri mkuu wa Kongo mwaka 1965. Mobutu alimnyonga hadharani Kinshasa Juni 1966. Wawili hao ukiwaweka ubavu kwa ubavu unapata sura nzima ya tasnifu bila kutafuta mbali. Mwaka mmoja tu baada ya kunyongwa Kimba, mji huohuo wa Kinshasa uliwapokea wakuu wa OAU kuijadili Biafra.

Kama unafanya kazi kwenye shirika la kulinda amani, au unafuatilia serikali za leo zinazoishi kwa ulinzi wa majeshi ya majirani, kama ile ya Mogadishu, basi wako ni Baccus Matthews. Onyo moja: ukiwa mshabiki wake wa 1979, utashindwa kuona waziri aliyekubali kazi kwa Doe. Ukiwa mpinzani wake, utashindwa kuona kwamba Monrovia ya 1990 haikuwa na foleni ya watu waliotaka kuwa mawaziri.

Anayetafuta mada ya podikasti ya nusu saa, sitamshauri mmoja. Awachukue Arikpo na Mbu pamoja, aanzie Ugep na Boki.

Na kama huna nauli ya kwenda Monrovia, uliza mtaani kwako. Baada ya makubaliano ya Cotonou, Tanzania na Uganda zilipeleka vikosi Liberia mwaka 1994, vikarudi mwaka uliofuata. Walipofika Matthews alikuwa ameshaondoka wizarani, lakini nchi ambayo serikali yake ilikuwa na kiti bila ardhi waliikuta, wakalala humo, wakala wali wake. Wapo wastaafu wa JWTZ na wa UPDF, jeshi la Uganda, wanaoikumbuka kwa majina ya barabara. Hao uwaone kabla hujafungua maktaba.